Ufukwe wa hoteli nao unaweza kuwa na kichocho

Ukifika hoteli ya ufukweni hapa Mwanza, umeshalipia kila kitu, kuanzia kitanda na sato wa kukaanga hadi vinywaji, utasikia: "Ogelea tu ziwani, hapa pasafi. Kichocho ni cha wavuvi na watoto wa vijijini." Si kweli, na inaniuma kuona wazazi wanaiamini kauli hii.

Kichocho hakijui ukuta wa hoteli. Kinyesi chenye mayai ya minyoo kikiingia ziwani, vijidudu huanguliwa na kutafuta konokono. Inama utazame kwenye matete pembeni ya gati: konokono mdogo, gamba limejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa. Humo vijidudu huzaliana, kisha hutoka vibuu visivyoonekana kwa macho, hasa mchana jua likiwa kali, saa ileile watu wanapoingia majini. Hupenya ngozi kwa dakika chache. Si lazima uyanywe maji. Mchanga mweupe ulioletwa na lori haubadilishi kitu, wala maji kuwa maangavu.

Bwawa la hoteli lenye klorini ya kutosha ni jambo jingine. Mle waache watoto wacheze.

Ukishaogelea ziwani, usitegemee kipimo cha kesho yake, maana mayai hayajaanza kutoka. Subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime choo. Dawa ya prazikwanteli ipo, lakini huua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza mapema mno, minyoo michanga hubaki. Homa ikikushika kabla ya hapo, nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba uliingia ziwani.