Je, Wajua Kwa Nini Chuo Kikuu Huongozwa na Makamu Ilhali Mkuu Wake Yupo?

Mwezi Juni, wakati upepo wa Iringa umekwisha kuanza kuuma masikio, nilialikwa kwenye hafla ya kumuaga kiongozi wa chuo kikuu kimoja cha kanisa. Kwaya iliimba, wafanyakazi wakamvika mgolole begani kama mzee wa Kihehe, kisha mhasibu mstaafu akasimama kusimulia jinsi alivyokuwa akipiga hodi ofisini kwa kiongozi huyo jioni za mwisho wa mwezi akiwa na hundi za kutiwa saini, na jinsi alivyoulizwa kila mara, kabla ya jambo lingine lolote, kama wapishi na walinzi wamekwisha kulipwa. Watu kadhaa walilia. Kadi ya mwaliko iliyokuwa mkononi mwangu ilisema kwamba anayeagwa ni Makamu Mkuu wa Chuo, nami nikawa nikiitazama meza kuu nikimtafuta Mkuu mwenyewe, kwa sababu niliamini kwamba sifa zote zile zilikuwa zimemruka mwenye nazo na kumwangukia msaidizi wake.

Nilimwuliza mama aliyekaa karibu nami: "Mama, Mkuu wa Chuo atazungumza saa ngapi?" Akanijibu kwa upole: "Mkuu wa Chuo ni baba askofu, mwanangu, na leo yuko safarini. Huyu ndiye aliyekuwa akituongoza."

Kosa langu lilikuwa la kawaida sana, na linastahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu halitokani na uvivu wa kufikiri bali na Kiswahili chenyewe tunachokitumia kila siku. Tunaposikia neno makamu, picha inayotujia ni ya Makamu wa Rais au ya makamu mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa: mtu wa pili ambaye hukalia kiti pale tu wa kwanza anapokuwa hayupo. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba makamu anaondoka, tunahitimisha kwamba uongozi wenyewe haukuguswa. Katika chuo kikuu mambo ni kinyume kabisa. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji wa juu kuliko wote: ndiye mwenyekiti wa Seneti inayosimamia taaluma, ndiye anayejibu mbele ya Baraza la Chuo kuhusu fedha na nidhamu, na ndiye anayekosa usingizi ada zinapochelewa, jambo zito hasa kwa vyuo vya makanisa, ambavyo hutegemea ada kuliko vyuo vya serikali. Mkuu wa Chuo, kwa upande wake, ni kiongozi wa heshima, na wanafunzi wengi humwona kwa macho siku ya mahafali peke yake, akiwa katika joho, akiwatunuku shahada.

Kinachokoleza mkanganyiko ni kwamba maneno "Mkuu wa Chuo" yana maana mbili zinazoishi katika mji mmoja. Katika Chuo cha Ualimu Kleruu, kilichomo humu humu Iringa, Mkuu wa Chuo ni mtu anayefika asubuhi, anayekagua mabweni na kusaini barua za likizo. Ukienda Kihesa, kwenye Chuo Kikuu cha Iringa kinachomilikiwa na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kazi kama hizo za kila siku ziko chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, na jina la Mkuu wa Chuo limehifadhiwa kwa yule wa heshima. Ukielekea Mkwawa, kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtendaji anaitwa Rasi. Majina ni matatu, kazi zinafanana mno, na umbali kati yao ni nauli ya daladala. Mbeya nako hali ni hiyo hiyo: Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kilichokua kutokana na chuo cha theolojia cha Wamoraviani na kupewa jina la askofu wao, kina Makamu Mkuu, ilhali vyuo vidogo vya ufundi na afya vinavyokizunguka vina Wakuu.

Sasa, kwa nini neno makamu limepewa mtu mwenye kazi yote? Jibu limo ndani ya neno. Makamu limetoka katika Kiarabu, maqam, yaani mahali mtu anaposimama. Cheo cha Kiingereza ambacho Kiswahili kilikuwa kinakitafutia jina, vice-chancellor, kilianza na neno la Kilatini, vice, lenye maana ya "katika nafasi ya". Yaani aliyetafsiri hakubahatisha. Alichukua neno la mahali akaliweka penye neno la mahali, na ukilisoma hivyo, makamu si mtu anayesubiri nyuma ya mwingine bali ni mtu anayesimama pale mwingine alipopaswa kusimama, akiwa na mamlaka kamili ya mahali pale.

Fikiria parokia. Askofu huja kutoa kipaimara, akiwa na fimbo na kofia yake ndefu, na watoto wanaokumbuka siku ile wanamkumbuka yeye. Lakini anayejua kwamba bati la sakristia linavuja, kwamba familia fulani imeacha kuja kanisani tangu msiba, na kwamba mahindi ya mavuno hayatatosha mpaka Februari, ni paroko. Paroko hafanyi kazi yake kwa sababu askofu ni mgonjwa au amesafiri. Anaifanya kwa sababu askofu hawezi kuwa katika kila parokia, na mpangilio wote umejengwa juu ya ukweli huo. Siku paroko anapohamishwa, waumini humlilia paroko, na hakuna anayedhani kwamba wanamvunjia askofu heshima.

Mfano huu una mpaka wake. Askofu ana uwezo halisi juu ya paroko, anaweza hata kumhamisha, ilhali Mkuu wa chuo kikuu kwa kawaida haingilii uendeshaji wa kila siku. Ni kiasi gani cha mamlaka anacho juu ya uteuzi wa Makamu hutegemea hati idhini, yaani hati ya kuanzishwa kwa chuo husika, na hati hizo hazifanani. Vilevile si kila chuo cha kanisa humfanya askofu kuwa Mkuu wake. Pengine basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam linafaa kuongezwa hapa: tajiri wa basi anajulikana stendi zote, lakini anayelishusha mlima Kitonga kwa gia nzito, akihesabu kona moja baada ya nyingine huku abiria wamelala, ni dereva. Mfano huu nao unapungukiwa mahali pamoja, kwa kuwa Mkuu wa Chuo si mmiliki. Mmiliki ni kanisa lenyewe, dayosisi au jimbo.

Mgawanyo huu ulianzia kanisani, na hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Katika mahakama za Kirumi palikuwa na uzio wa fito uitwao cancelli, na karani aliyekaa penye uzio ule akaitwa cancellarius, neno lililozaa chancellor, jina la Kiingereza la Mkuu wa chuo kikuu. Karne zilipopita, cheo hicho kikawa cha mtunza mihuri na nyaraka, na katika makanisa makuu ya Ulaya mwenye cheo hicho ndiye aliyetoa ruhusa ya kufundisha. Chuo Kikuu cha Paris kilikua chini ya kivuli cha ofisa wa namna hiyo wa kanisa kuu la Notre-Dame. Oxford, huko Uingereza, ilikuwa ndani ya dayosisi ya Lincoln, mbali na kiti cha askofu wake, na mwanzoni mwa karne ya 13 ikapata Mkuu wake yenyewe. Wanahistoria hubishana kama Robert Grosseteste, aliyekuja kuwa askofu wa Lincoln, alikuwa na cheo hicho au aliitwa tu msimamizi wa wanazuoni. Baadaye nafasi ya Mkuu ilichukuliwa na watu wakubwa wa dola na kanisa ambao hawakuishi chuoni, na wale waliobaki kuamua kesi za wanafunzi wakawa makamu wao. Kwa hiyo chuo cha kanisa kinachomweka askofu kwenye kiti cha Mkuu kinakirudisha cheo mahali kilipotoka.

Waingereza walikuja na mpangilio huo Afrika Mashariki, na hapa ndipo panapotokea jambo la ajabu. Mwaka 1961, chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kiongozi wake Cranford Pratt alikuwa Mkuu wa Chuo, kwa ile maana ya mtendaji. Mwaka 1970 kilipokuwa chuo kikuu kamili, Mwalimu Nyerere akawa Mkuu, na mtendaji, Pius Msekwa, akawa Makamu Mkuu. Chuo kilipanda daraja, jina la kiongozi wake likaonekana kushuka. Jambo hilo hilo lilijirudia nyanda za juu: chuo cha Walutheri cha Iringa kilianza mwaka 1993 kama chuo kidogo, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na mwaka 2013 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Iringa. Chuo kinapopita njia hiyo, aliyekuwa anaitwa Mkuu huanza kuitwa Makamu Mkuu, na asiyejua anaweza kumpa pole mtu anayestahili pongezi.

Wamarekani walikwepa tatizo hili kwa njia yao. Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1636 ikiwa na lengo la kutayarisha wachungaji miongoni mwa mengine, ilimpa kiongozi wake Henry Dunster cheo cha rais mwaka 1640, bila mkuu wa heshima juu yake. Dunster alipokataa ubatizo wa watoto wachanga, akaondoka mwaka 1654, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama aliyeondoka ndiye kiongozi. Vyuo vingi vya Kikristo vya Marekani vilifuata mtindo huo, kikiwamo St. Olaf cha Walutheri wa Minnesota, kilichoanzishwa mwaka 1874. Naitaja Minnesota kwa sababu Dayosisi ya Iringa ina undugu wa miaka mingi na Walutheri wa Saint Paul, unaoitwa Bega kwa Bega. Mgeni wa kutoka huko, aliyezoea kupokewa na rais wa chuo, akipokewa Iringa na makamu anaweza kudhani kwamba mwenyeji wake mkuu hakupata nafasi ya kumwona. Neno rais nalo, pamoja na rasi wa pale Mkwawa, ni ndugu wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya kichwa.

Kwa hiyo tunapopima miaka ya Makamu Mkuu anayeaga, tunapima uongozi wote wa chuo kwa kipindi chake: walimu aliowapeleka kusoma shahada za uzamivu na wakarudi, maktaba aliyoikuta na aliyoiacha, hundi za wapishi. Mkuu hubaki na mwaka huo huo atatunuku shahada kama kawaida, lakini atawatunuku wanafunzi waliodahiliwa, kufundishwa na kuvumiliwa chini ya mwingine.

Wiki moja baada ya hafla ile nilipita tena pale chuoni kuchukua nyaraka za mdogo wangu. Mrithi alikuwa bado hajateuliwa. Kwenye mlango wa ofisi, chini ya tundu za skrubu za kibao kilichoondolewa, karatasi ilikuwa imebandikwa: Kaimu Makamu Mkuu wa Chuo. Kaimu ni qa'im ya Kiarabu, anayesimama, na makamu ni maqam, mahali. Waarabu humwita qa'im maqam mtu anayesimama mahali pa mwingine, na maneno hayo mawili, ambayo Kiswahili kiliyatenganisha na kuyafanya vyeo viwili, yalikuwa yamekutana tena kwenye karatasi ile, yakifuatana kwa mpangilio wao wa asili.