Hemilaminektomia: nusu ya paa la pingili

Neno lenyewe limeokotwa kutoka Kigiriki na Kilatini, na linatisha kuliko kazi yake. Hemi ni nusu. Lamina ni kibao chembamba, na hapa ni ule mfupa unaoezeka kila pingili ya mgongo kwa juu. Ektomia ni kukata na kutoa. Daktari wa mifugo akikwambia mbwa wako anahitaji hemilaminektomia, anamaanisha atafungua upande mmoja wa paa la pingili, kushoto au kulia, ili atoe kitu kisichostahili kuwa humo. Mara nyingi kitu hicho ni kiini cha diski iliyopasuka.

Kabla ya kuendelea, tuondoe utata wa lugha. Kwa Kiswahili "uti wa mgongo" ni ile mifupa, na pia ni kile kilicho ndani ya mifupa. Ndiyo maana tunaita "homa ya uti wa mgongo" ugonjwa usiohusu mifupa hata kidogo. Katika habari hii mkanganyiko huo utatupoteza, kwa hiyo nitagawa hivi: pingili ni mifupa. Ugwe ni ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikipita ndani ya tundu la pingili, ikibeba amri za kutembea, habari za maumivu na uwezo wa kuzuia mkojo. Diski zimekaa kati ya pingili na pingili, chini tu ya ugwe.

Anayekumbuka wanawake wakitoka kisimani anaijua ngata, ile nguo inayoviringishwa na kuwekwa kichwani ili mtungi usiumize. Diski ni ngata ya pingili. Nje ina nyuzi ngumu zilizozunguka tabaka juu ya tabaka, kama ukili, na katikati ina ute mzito unaopokea kishindo kila mbwa anaporuka. Ila ngata hii ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Nyuzi za upande wa chini, kuelekea tumboni, ni nene. Za upande wa juu, zinazotazamana na ugwe, ni nyembamba. Ikichanika, huchanikia juu, pale pale pasipotakiwa.

Namna za kuharibika ni mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mswidi Hans-Jörgen Hansen alizitenganisha, na mpaka leo madaktari husema Hansen ya kwanza na Hansen ya pili. Katika ya pili nyuzi za nje huvimba taratibu kwa miezi au miaka na kuusukuma ugwe kidogo kidogo. Hiyo ni ya mbwa wakubwa waliozeeka, akiwemo German Shepherd tunayemwona akilinda mageti ya Nairobi na Dar es Salaam. Ya kwanza ndiyo inayowapeleka mbwa wengi kwenye meza ya upasuaji usiku usiku.

Hiyo huwapata zaidi mbwa wa miguu mifupi, na mfano wake mkuu ni Dachshund. Wajerumani walimfuga awe mrefu na mfupi wa miguu ili aingie kwenye mashimo akafukuze mnyama wa Ulaya anayefanana na nyegere. Miguu ile ilipatikana kwa gharama. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mbwa wa aina hii wana nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4 kwenye kromosomu ya 12, na nakala hiyo imefungamana na diski kuzeeka mapema. Ute wa katikati huanza kukauka mbwa akiwa bado hajamaliza mwaka, kisha huota chokaa. Anapofika miaka mitatu mpaka saba, diski inayotakiwa kunesa imekuwa na kokoto katikati. Kwa Dachshund, takriban mmoja kati ya watano hupata shida hii maishani mwake. French Bulldog, Beagle, Pekingese na Shih Tzu nao wamo.

Siku ikifika, mbwa huenda hakufanya lolote la ajabu. Ameruka kutoka kwenye kochi, au amegeuka tu. Chokaa inachomoka kwa nguvu na kuugonga ugwe, halafu inabaki humo ndani ikiubana. Majeraha ni mawili, basi: pigo na mbano. Hapa ndipo wenye mbwa wengi wanapoielewa vibaya operesheni. Mpasuaji anaondoa mbano. Pigo lilishapigwa, na hakuna kisu kinachoweza kulirudisha nyuma. Hilo linaachiwa mwili wenyewe ujitengeneze kadiri unavyoweza.

Swali la mbwa gani apasuliwe linategemea pigo lilikuwa kubwa kiasi gani. Ngazi ya kwanza ni maumivu tu: mgongo umepinda, mbwa hataki kuguswa, analia akinyanyuliwa. Ya pili anayumba kama mlevi lakini anatembea. Ya tatu hawezi kusimama ingawa miguu ya nyuma bado inajitikisa. Ya nne miguu imepooza kabisa. Ya tano imepooza na haihisi hata maumivu makali.

Kati ya ya nne na ya tano kuna kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Daktari anachukua koleo ndogo ya upasuaji na kukibana kidole cha mguu wa nyuma mpaka mfupani. Mguu unaruka, na mwenye mbwa anafurahi: "Kumbe anahisi!" Pole, hapana. Mguu huweza kuruka bila ubongo kujua lolote, kwa sababu sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha hujibu yenyewe. Daktari haangalii mguu. Anaangalia kichwa: je, mbwa amegeuka, amelia, ametaka kung'ata? Kichwa kikijibu, habari imepita pale palipoumia, na kati ya mbwa wa namna hiyo wakipasuliwa, zaidi ya 90 kwa kila 100 hutembea tena, wengi wao ndani ya wiki mbili hadi nne. Kichwa kikikaa kimya, matumaini hushuka mpaka karibu nusu kwa nusu.

Zamani ilifundishwa kwamba mbwa asiyehisi maumivu asipopasuliwa ndani ya saa 48 basi. Tafiti za miaka ya karibuni zimeitia shaka kanuni hiyo. Ukubwa wa pigo unaonekana kuwa na uzito kuliko saa. Hata hivyo wapasuaji wengi huendelea kuwahi, nami naona wako sahihi, kwani aliyekuwa ngazi ya nne asubuhi anaweza kuwa ya tano jioni.

Jambo moja la kwetu Afrika Mashariki lisisahaulike. Mbwa aliyepooza ghafla asiyejulikana chanjo zake anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, ambacho kina namna yake ya kimyakimya ya kupoozesha. Usimtie mkono mdomoni kabla daktari hajamwona.

Ili kufungua nusu ya paa, lazima ujue nusu ipi na ya pingili ipi. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa na chokaa, lakini ugwe haionyeshi. Hivyo hutumika MRI (picha ya sumaku) au CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande), au ile njia ya zamani ya kuingiza dawa yenye kung'aa kwenye maji yanayozunguka ugwe kisha kupiga eksirei. Mara nyingi mkosaji yuko pale kifua kinapokutana na kiuno. Mbwa ana pingili 13 za kifua na 7 za kiuno, na diski za maungio yale ndizo hupasuka zaidi. Juu zaidi, kati ya mbavu, kuna kano inayovuka kutoka ubavu hadi ubavu ikipita juu ya diski, na kano hiyo huzizuia zisitokeze.

Mbwa anapigwa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, manyoya yananyolewa. Misuli inatenganishwa na mfupa upande mmoja. Kisha kijikeekee chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka kwa kasi kubwa kinaulamba mfupa, huku maji ya chumvi yakimiminwa ili joto lisiunguze ugwe. Mpasuaji anapita mfupa mgumu wa nje, ule laini wenye damu wa katikati, halafu anafika kwenye ganda la ndani lililo jembamba kama la yai, na hapo anaweka keekee chini na kuendelea kwa vifaa vya mkono. Dirisha likifunguka, kinachoonekana mara nyingi ni uji mzito mweupe uliochanganyika na damu. Unachotwa polepole bila kuugusa ugwe. Wengine wakiwa humo hutoboa pia diski za jirani na kuzikwangua kiini, zisije zikapasuka mwaka ujao.

Diski ya shingo ina njia tofauti kabisa: mbwa analazwa chali, koo linasogezwa pembeni, na mfereji mwembamba unachimbwa kupitia mwili wa pingili kutoka chini. Mfereji huo haupaswi kupanuka, kwa sababu kandokando ya ugwe kuna mishipa mikubwa ya vena, na kuichana ni balaa la damu.

Jambo baya kuliko yote linaweza kutokea hata operesheni ikienda vizuri. Kwa takriban mbwa mmoja kati ya kumi wa ngazi ya tano, ugwe huanza kufa na kulainika kutoka kwenye jeraha kwenda juu na chini, siku baada ya siku, mpaka misuli ya kupumua inasimama. Hakuna tiba. Daktari mwadilifu hukueleza hilo kabla hujatia sahihi.

Si kila mgonjwa anayehitaji kisu. Wa ngazi ya kwanza na ya pili wengi hupona kwa kufungiwa kwenye kizimba wiki nne au zaidi pamoja na dawa za maumivu za mbwa. Nasema za mbwa. Diklofenaki na ibuprofeni za kabatini kwako huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na hatari huongezeka zikichanganywa na sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe.

Baada ya upasuaji, kazi inahamia kwa mwenye mbwa. Kizimba tena, bila ngazi wala kochi. Akitolewa nje, kanga iliyokunjwa hupitishwa chini ya tumbo ikashikwa juu ya mgongo, uzito wa nyuma uwe mkononi mwako. Kibofu ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mbwa aliyepooza huweza kuonekana anakojoa kumbe ni mkojo unaofurika tu kutoka kwenye kibofu kilichojaa. Lazima kikamuliwe kwa mikono kila saa sita hadi nane, usiku pia. Ukamuaji huo unafundishwa kwa vitendo: omba uoneshwe, kisha ufanye mwenyewe daktari akikutazama, kabla hujaondoka na mbwa wako.