Giza ndo linafanya kazi: taa za usiku na hewa kwenye grinihausi ya maua

Kuna nyumba nyingi sana hapa Arusha zina lile ua la Krismasi barazani, lile majani ya juu yanageuka mekundu, na karibu kila mwenye nalo ashawahi kuniuliza mbona langu upande mmoja limekuwa jekundu halafu upande wa pili limebaki kijani tupu. Mimi nauliza kitu kimoja tu, taa ya ulinzi iko upande gani? Basi unakuta taa iko kulekule kwenye kijani, inawaka toka magharibi mpaka asubuhi. Ua halina ugonjwa wala halijakosa mbolea, halijapata usiku tu.

Kazi yangu ni krisanthemu, mimea mama, tunachuma vipando, yaani vichwa vichanga vya kwenda kuoteshwa, au katingi kama tunavyoita shambani, tunapaki tunatuma Ulaya kwa ndege. Niko huku Usa River miaka mingi sasa. Na kitu ambacho natamani kila anayefikiria kupanda chochote chini ya taa akielewe kabla hajatoa hata senti moja dukani ni hiki, mmea una matumizi mawili ya mwanga na hayafanani kabisa. La kwanza ni chakula, hapo ni jua na unahitaji mwingi. La pili ni saa, yaani mmea kujua ni msimu gani, na hapo mwanga kidogo mno unatosha, ila ukija saa isiyo yake umeharibu kila kitu.

Hili la saa liliandikwa na Wamarekani wawili, Garner na Allard, mwaka 1920. Walikuwa na tumbaku aina ya Maryland Mammoth inarefuka tu shambani kiangazi kizima haitoi ua, ukiiweka ndani ya grinihausi wakati wa baridi inachanua vizuri kabisa. Wakagundua ni urefu wa siku. Halafu 1938 Hamner na Bonner wakaenda mbele zaidi, wakaukata usiku katikati kwa mwanga wa muda mfupi na mmea ukakataa kuchanua, hapo ndo ikajulikana kwamba kinachopimwa ni giza, tena giza lisilokatika. Ndani ya jani kuna kitu kinaitwa fitokromu, mwanga mwekundu wa kama nanomita 660 unakigeuza upande mmoja, giza linakirudisha taratibu, ndo kinachoiambia saa ya mmea kama ni usiku au mchana. Bangi nayo, kama krisanthemu, iko kundi la mimea ya siku fupi, yaani inayochanua usiku ukiwa mrefu, ndo maana kule Kanada ambako sheria iliruhusu mwaka 2018 wanaoilima ndani wanazungumzia masaa ya taa kuliko kitu kingine chochote. Huku kwetu sheria hairuhusu, mimi naongelea maua.

Sasa angalia tulipo. Arusha iko kama nyuzi 3 na nusu kusini ya ikweta, mchana wetu ni masaa 12 na dakika kidogo mwaka mzima. Krisanthemu akiona giza limepita kama masaa 10 na nusu mfululizo kwa siku kadhaa anaanza kutengeneza ua. Maana yake hapa kwetu bila taa anataka kuchanua Januari, anataka kuchanua Julai, anataka kuchanua kila siku ya Mungu. Mholanzi kiangazi anahangaika kufunika mimea yake kwa pazia jeusi ili ipate usiku, sisi tunahangaika kuuvunja usiku ili mmea mama ubaki mchanga na uendelee kutoa vichwa vya kuchuma.

Kuuvunja hakuhitaji umeme mwingi. Tunawasha kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, tena sio mfululizo, dakika 10 inawaka 20 imezima, jumla ni dakika 80 tu kwa usiku mzima. Kiasi cha mwanga ni kama laksi 100 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) pale juu ya mmea, wakati jua la saa sita mchana ni laksi laki moja, kwa hiyo ni sehemu moja ya elfu! Pima katikati ya taa mbili, pale penye hafifu zaidi, usipime chini ya taa ukajidanganya. Na kama umenunua LED nyekundu zile kali kipimo cha laksi kitakudanganya pia kwa sababu kimetengenezwa kufuata jicho la mtu, na jicho letu wekundu ule halioni vizuri, mmea unauona sana. Zile taa za tyubu na za kubana matumizi usiziweke kwenye kuwasha-zima namna hii, zinakufa haraka.

Nieleze lililonipata maana bado linaniuma. Kulikuwa na kipindi cha mgao, umeme unakatika masaa mawili matatu kila siku. Jenereta ya shamba ilikuwa inalisha vyumba vya baridi na pampu, nyumba ya mimea mama haikuwepo kwenye laini hiyo. Taima yetu ilikuwa ile ya kuzunguka, umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo kila siku inachelewa. Mwanzoni haikuwa na shida, hata ikichelewa masaa matatu bado inawaka usiku. Siku ya nne ya tano ishachelewa masaa kumi, taa zinawaka saa mbili asubuhi. Na nani ataona taa inawaka ndani ya jua lile? Nimepita chini yake mimi mwenyewe kila asubuhi sikuona kitu. Aliyegundua ni mama mmoja mchumaji, akaniita, "Bwana shamba, hebu njoo ushike hapa," nikashika kile kichwa, badala ya ncha nyembamba nikasikia kifungo kidogo kigumu kama punje ya mtama. Tukapita tuta kwa tuta, nyumba nzima iko hivyo. Ua likishaanza hulirudishi nyuma. Tuling'oa yote, na karibu miezi miwili hatukuwa na cha kutuma kutoka nyumba ile. Uzembe ulikuwa wangu, yule mama ndo alituokoa nyumba mbili zilizobaki.

Taa zikishakaa sawa ndo unakuja kwenye hewa, na hapa watu wa Ulaya wanakuja na mashine, sisi tuna mapazia ya pembeni na akili. Usiku wa Julai huku ni baridi, mtu anafunga grinihausi kabisa, asubuhi unakuta plastiki inadondosha matone kwenye majani. Hiyo ndo hatari yenyewe. Kutu nyeupe ya krisanthemu, ugonjwa wa ukungu wa majani, inahitaji jani libaki na maji kama masaa matano tu ishaingia, na kipando chenye kutu nyeupe kikikamatwa Ulaya sio hasara ya boksi moja, ni jina la shamba. Kwa hiyo acha upenyo juu hata kama kuna baridi, mwagilia asubuhi jua likishapanda, saa tatu hivi, usimwagilie jioni hata ukibembelezwa, na panda kwa nafasi hewa ipite katikati. Joto nalo lina lake, likizidi nyuzi 30 siku nyingi maua yanachelewa hata kama giza lipo la kutosha, nimeona watu wanalaumu mbegu wakati shida ni grinihausi fupi mno na madirisha yamefungwa.

Siku hizi taima zetu ni za kidijitali zina betri ndani, na laini ya mimea mama iko kwenye jenereta. Lakini bado mara mbili kwa wiki natoka saa tano usiku na tochi nimeielekeza chini, nasimama mlangoni nasubiri nusu saa, nione ikiwaka, nione ikizima.