Je, wajua kwa nini John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alificha kwamba kitabu ni chake?

Kile kitabu chake kuhusu serikali, kinachosema watu wanazaliwa huru na sawa na hakuna wa kuwatawala bila ridhaa yao, kilitoka London 1689 bila jina la mwandishi na jamaa akakaa kimya miaka 15, hata marafiki wakimbana anawapiga chenga. Alikiri kwenye wasia wake tu, 1704, wiki chache kabla hajafa.

Sababu ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa linaua. Desemba 1683 Algernon Sidney, mwanasiasa Mwingereza aliyempinga mfalme, alikatwa kichwa pale Tower Hill, London, kesi ilikuwa kula njama dhidi ya Mfalme Charles II, sasa uhaini ulihitaji mashahidi wawili na serikali ilikuwa na mmoja, basi wakachukua makaratasi waliyokuta kwake, hayajachapishwa hata, yanasema madaraka ya mfalme yanatoka kwa watu, Jaji Jeffreys akasema kuandika ni kutenda, makaratasi yakawa shahidi wa pili. Mtu anauawa kwa drafti! Locke mwaka huohuo alishakimbilia Uholanzi.

Wote wawili walikuwa wanamjibu Robert Filmer, mwandishi Mwingereza aliyedai wafalme wamerithi mamlaka toka kwa Adamu. Locke akashika sheria ya asili, yaani haki na wajibu ambao binadamu anaujua kwa akili yake bila kutungiwa na mfalme, ambayo hakuibuni yeye, mwanasheria Mholanzi Grotius aliiandikia 1625 kwamba ingesimama hata tukijaalia Mungu hayupo. Ila Locke aliisogeza mbali zaidi: uhai, uhuru na mali unavyo kabla serikali haijakuwepo, serikali imewekwa ivilinde tu, ikigeuka kuvipora wananchi wana haki ya kuiondoa. Ukishakubali hapo mfalme hana tena cha kukupa kwa hisani yake, na ndo maana walimwogopa mtu wa namna hii kuliko mwenye bunduki.

Na lazima tuseme ukweli wote, Locke huyuhuyu alikuwa na hisa kwenye Royal African Company iliyokuwa inauza Waafrika. Inauma sana. Lakini hoja ikishatoka mdomoni mwenyewe haimiliki tena: Januari 1777 Mmarekani mweusi aitwaye Prince Hall na weusi wenzake walipeleka ombi bungeni Massachusetts, Marekani, wakisema kama binadamu wengine wote wana haki ya asili ya kuwa huru, kwa hiyo utumwa ukome.