Kukata na kujaza: maana yake kwa anayejenga mlimani Mwanza

Kukata na kujaza ni kuchimba udongo upande wa juu wa kiwanja chenye mteremko na kuumwaga upande wa chini, ili kupata tambarare ya kusimamisha nyumba. Isamilo au Luchelele, kazi hiyo humeza pesa kabla hata tofali la kwanza halijalazwa.

Chukua nyumba ya mita 12 kutoka juu kwenda chini, upana mita 10, kiwanja kikishuka mita 1 kwa kila mita 5. Ukitaka sakafu moja, utakata hadi mita 1.2 nyuma na kujaza mita 1.2 mbele: meta za ujazo 36 za kuchimba. Igawe sakafu iwe tatu zinazoshuka na mlima, sentimita 80 kila moja, yaani vidato vitano vya sentimita 16, na utachimba 12 tu. Mlima unabaki ulivyo. Ila jiko, bafu na chumba cha bibi viwe sakafu moja, tafadhali.

Kinachonitia hofu ni kifusi. Kikimwagwa chote kwa mkupuo na kushindiliwa juujuu, mvua za Machi hadi Mei zitakididimiza na jamvi, yaani zege la sakafu, litapasuka. Kishindiliwe tabaka kwa tabaka, na msingi wa mbele ushuke hadi udongo wa asili. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na matundu ya kutolea maji, na kokoto nyuma yake, kwa sababu maji yaliyokwama ndiyo huuangusha. Chimba pia mashimo ya majaribio kabla ya kuchora: jiwe unaloliona juu ya ardhi huenda ni kichwa tu cha mwamba mkubwa, na kuupasua ni ghali kuliko kuusogezea ramani.

Viwanja vingi vinavyotazama Ghuba ya Mwanza vinaelekea magharibi, hivyo mandhari na jua la jioni huingia kwa dirisha moja. Weka baraza pana, na miti upande huo, maana saa kumi na moja jua hupita chini ya paa.

Kiwanja kikifika majini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima hizo kwanza.