Saratani ya tezi dume ikirudi, inarudi wapi?

Juzi msibani Temeke nilikaa jamvi moja na watu waliokuwa wakimzungumzia mzee mmoja mgonjwa. "Alipigwa mionzi, tezi dume ikapona. Sasa kapata saratani ya mifupa." Sentensi hiyo nimeisikia mno hapa Dar, na inaniuma, kwa sababu familia huanza kuhangaikia dawa ya ugonjwa ambao mzee wao hana. (Na tezi dume si ugonjwa; kila mwanamume kazaliwa nayo.)

Kwa kifupi: baada ya mionzi, saratani huhesabiwa imerudi PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) inapopanda nanogramu 2 kwa mililita au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufikia. Tezi bado imo mwilini, kwa hiyo usitegemee sifuri kama kwa aliyeondolewa tezi yote. Pengine PSA hupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe. Huko si kurudi.

Kinachonikera ni kitenzi. Leo "imerudi", kesho "imehamia mifupani", kana kwamba ni mamoja. Mpangaji akihama Mbagala kwenda Tegeta, chumba cha Mbagala kinabaki kitupu. Saratani haihami hivyo: inaweza kuwa kwenye tezi na kwenye uti wa mgongo siku hiyo hiyo. Huko ni kusambaa. Kurudi pale pale ni ndani ya tezi yenyewe, mara nyingi sehemu ile ile uvimbe mkubwa wa awali ulipokuwa, au jirani yake kwenye vifuko vya manii. Ikisambaa, hukutwa sana kwenye tezi za limfu za nyonga, na kwenye mifupa ya nyonga, uti wa mgongo na mbavu.

Nadhani jina nalo limechangia. Saratani ni neno la Kiarabu, maana yake kaa, yule wa ufukweni. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kaa. Ukimfikiria mnyama mwenye miguu, utasema kahama. Lakini Kiswahili kina kaa lingine, la jikoni. Funika kaa la moto kwa jivu, jiko utadhani limezimika. Pepea kidogo, jekundu hilo. Chembe chache za saratani zilizosalia ndani ya tezi baada ya mionzi naziona hivyo.

Na zile zilizofika mfupani bado ni chembe za tezi dume. Kwa kawaida hutoa PSA vilevile, na hutibiwa kama saratani ya tezi dume, mara nyingi kwa kuanza na dawa za kushusha testosteroni, homoni ya kiume. Mzee yule hana ugonjwa wa pili. Siku mwanawe akimpeleka kwa daktari mgeni na kuulizwa baba anaumwa nini, ajibu: "Saratani ya tezi dume, alipigwa mionzi, sasa imesambaa mifupani."