Kani ya ukuta katika mtiririko wenye viputo

Chukua bomba la wima ambamo maji yanapanda kwa msukosuko, na hewa inaingizwa chini kwa viputo vya milimita 3. Ukipima kiasi cha hewa kutoka katikati kwenda pembeni, utakuta viputo vimesongamana karibu na ukuta, ilhali ukutani penyewe hewa inashuka hadi sifuri. Mtu anayeiga mtiririko huu kwa kompyuta lazima apate vyote viwili, na hapo ndipo kani ya ukuta inapohitajika.

Kinachovipeleka viputo pembeni ni kani ya kando. Maji yaliyo karibu na ukuta huenda polepole kuliko ya katikati, na kiputo kidogo kinachoyapita maji kwa kasi husukumwa upande wa maji ya polepole. (Maji yakishuka, mambo hugeuka: viputo vidogo hukimbilia katikati.) Kiputo kikubwa hubonyea, na kani hiyo hubadili mwelekeo. Kwa hewa na maji katika shinikizo la kawaida, kanuni ya mtafiti Tomiyama inaweka mpaka huo kwenye kipenyo cha takriban milimita 5.8.

Kani ya ukuta hupinga msongamano huo. Maji hupita kwa shida katika upenyo kati ya kiputo na ukuta, na kwa urahisi upande wa pili. Tofauti hiyo hukisukuma kiputo mbali na ukuta. Kanuni ya Antal na wenzake ya mwaka 1991 inazidisha wiani wa maji, sehemu ya ujazo iliyo hewa na mraba wa tofauti ya kasi kati ya kiputo na maji kwa kigawo hiki: 0.05 gawanya kwa umbali kutoka ukutani, toa 0.01 gawanya kwa kipenyo. Jibu likiwa hasi, weka sifuri. Kwa hiyo kani hukoma kwenye umbali wa vipenyo vitano, yaani milimita 15 kwa kiputo chetu. Kiputo kinapogusa ukuta, kitovu chake kikiwa milimita 1.5, kigawo ni 0.03 kwa milimita. Kwenye milimita 10 kimeshapungua mara 18.

Ukiwasha kani ya kando ukaisahau ya ukuta, hewa yote hurundikana kwenye seli ya kwanza (kijisehemu cha bomba, kilicho karibu zaidi na ukuta, kati ya vile kompyuta inavyovihesabu) na hesabu huvurugika. Lakini gridi laini mno, yaani mpangilio wa seli ndogo sana, nayo ina balaa lake. Kitovu cha seli kikiwa milimita 0.05 kutoka ukutani, kigawo hupanda hadi karibu 1 kwa milimita, ingawa kitovu cha kiputo cha mviringo hakiwezi kufika hapo. Dawa yake ni kutoruhusu umbali unaoingizwa kwenye kanuni ushuke chini ya nusu kipenyo. Shaver na Podowski walipita njia nyingine mwaka 2015: kani ya kando izimwe kabisa ndani ya nusu kipenyo, kisha irudi taratibu hadi kipenyo kimoja. Kwa gridi laini, njia hiyo ina mashiko zaidi.

Usipime usahihi wa vigawo hivi kabla ya kuongeza kani ya mtawanyo wa msukosuko, yaani ile ambayo msukosuko wa maji hutumia kuvitawanya viputo. Bila hiyo, kilele cha hewa huwa kirefu na chembamba kuliko kipimo, na mtu huanza kuchezea 0.01 na 0.05 ili kuficha kosa lililo kwingine.